Siku 8 Muscat na Nizwa na darasa letu la biashara: dodoso la Kiingereza lilikwama, Kiswahili kikatufungulia maduka

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu na wadogo zangu mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu tangu nikiwa kidato cha tano. Leo naanzisha uzi kwa sababu nimeona vijana wengi wa vyuo wakiuliza kama ziara za mafunzo nje ya nchi zina faida yoyote, au ni kuchangishana pesa ili watu wakapige picha. Mimi nimetoka kwenye ziara ya aina hiyo mwezi wa kwanza mwaka huu. Jibu langu ni refu, kwa hiyo nitalishusha kwa vipande.

Tulikuwa wanafunzi 18 wa mwaka wa tatu tunaosoma biashara ya kimataifa, pamoja na walimu 2. Chuo naomba nisikitaje. Safari ilikuwa Dar, Muscat, Nizwa, kisha kurudi, siku 8.

Wengi darasani walitaka Uchina. Mwalimu wetu mmoja akashikilia Oman, na hoja yake ilinikaa kichwani. Alisema Guangzhou mtaenda tu, maana njia ya Kariakoo na Guangzhou imeshachongwa na kila mtu. Lakini Oman ndiko zilikofungwa hesabu za pwani yetu kwa muda mrefu. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, akahimiza mikarafuu ipandwe, na misafara ya pembe za ndovu ikapita kwetu Tabora hadi Ujiji. Alipofariki 1856 wanawe wakagombea urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua Zanzibar na Muscat ziwe dola mbili, Zanzibar ikiilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Zanzibar ndiyo iliyokuwa inalipa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mali. Mwalimu akatuuliza: kati yenu nani alikuwa anajua hilo? Hakuna mkono ulionyooka.

Maandalizi yalichukua miezi 7. Kila mmoja alichangia milioni 2 na laki 9, ikiwa ni tiketi, viza, malazi na basi la kukodi. Chakula kila mtu alijitegemea. Wenzetu wawili waligundua wiki mbili kabla ya safari kwamba pasi zao zimebakiza chini ya miezi sita. Wakala tuliyemlipa, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua pasi hizo, alikuwa na nakala zake mezani tangu mwezi wa nane. Mmoja aliwahi kupata pasi mpya. Mwingine alibaki, na tiketi yake haikurudishwa hata senti. Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyotusindikiza uwanja wa ndege roho inaniuma. Kwa hiyo kundi likaondoka na wanafunzi 17.

Tulibeba na dodoso. Maswali 24, kurasa 3, Kiingereza, muhuri wa chuo juu. Tulilitunga kwa wiki mbili nzima.

Naendelea baada ya chakula cha jioni.

#2 Mchangiaji, Morogoro

Nimeweka kambi mkuu. Usitokomee kama wale wanaoanza nyuzi halafu hawaonekani.

#3 Mleta uzi

Nimerudi.

Siku mbili za kwanza nitazipitia haraka. Tulitembelea bandari na ofisi mbili za kampuni. Tulivaa kofia ngumu, tukaoneshwa picha ukutani kwa mwanga wa mashine, tukapewa chupa za maji na vijitabu. Watu walikuwa wakarimu, lakini vitu walivyotueleza vilikuwa kwenye tovuti zao, na mimi nilikuwa nimeshavisoma kabla ya kupanda ndege.

Siku ya tatu ratiba ilisema: saa 8 mchana hadi saa 10, utafiti sokoni Muttrah. Muttrah ni mji wa bandari wa zamani ndani ya Muscat, na soko lake liko mita chache kutoka ukingo wa bahari, vichochoro vilivyoezekwa juu, vinavyonuka udi na manukato. Tukafika saa 8. Maduka yamefungwa. Huko watu hufunga mchana, wakaenda kula na kupumzika, wakafungua tena jioni. Aliyeandika ratiba hakujua. Tukakaa kwenye ukuta wa bahari tukitazama majahazi na meli za watalii mpaka saa 10 ilipopita.

Maduka yalipofunguliwa tukajigawa wawili wawili na madodoso yetu. Duka la kwanza, kijana wa Bangladesh, ameajiriwa, anasema mwenye duka hayupo. La pili, kijana wa India, vilevile. La tatu akalitazama dodoso, akaona muhuri, akalirudisha kama mtu aliyepewa hati ya mahakama. Watu wengi wanaosimama kaunta pale ni wafanyakazi kutoka Bara Hindi, na hakuna mfanyakazi atakayekwambia bei ya kununulia ya bosi wake kwa sababu umekuja na karatasi.

Mwenzangu akanionea huruma, akanipa chupa yake ya maji. Nikamwambia "wabeja". Ni mazoea tu, nimezaliwa Sikonge na nimekulia Tabora mjini, kushukuru kwangu huwa kunatoka hivyo.

Nyuma yangu sauti ikasema: "Mwangaluka."

Nikageuka. Mzee wa Kiomani, kanzu nyeupe, kofia ya kufumwa kwa mkono ile ile ya Zanzibar, amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka la ubani. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Mwangaluka, mwanangu. Husalimiwi ukajibu?"

Wakuu, nilipiga goti pale pale kichochoroni. Sikupanga. Mwili wenyewe ulikumbuka.

Mzee alizaliwa Nzega. Baba yake alikuwa na duka la kanga na chumvi, akinunua karanga, ngozi, nta na asali kutoka kwa wanakijiji na kuvipeleka Tabora kwenye reli. Waliondoka mwanzoni mwa miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kujenga nchi. Alikuwa kijana mkubwa tayari. Kisukuma na Kinyamwezi anavisikia vyote, Kiswahili chake ni kile cha redioni zamani, kimenyooka.

Akaomba aone dodoso. Alilisoma kurasa zote tatu, taratibu, miwani puani. Kisha akanirudishia akasema: "Haya ni maswali ya mtu anayetaka kuondoka. Kaeni kwanza."

Tukakaa. Zikaja tende, kisha kahawa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Kijana wa dukani anamimina kidogo tu, ukimaliza anamimina tena. Mwenzangu alifika kikombe cha saba akiogopa kukataa, mpaka mzee alipomwonesha: ukitosheka unakitikisa kikombe kulia kushoto, basi, kijana anaelewa. Na kikombe hupokelewa kwa mkono wa kulia.

Ndipo akatandika sinia na kumwaga mafungu manne ya ubani.

"Huu wote ni wa mti mmoja," akasema. Mti wenyewe unaota Dhofar, kusini kabisa, safari ya kilomita kama 1,000 kutoka Muscat. Wakulima wanakwangua gome, yanatoka maziwa meupe, wanayaacha siku kumi au wiki mbili yakauke, wanarudi kubandua. Mikwanguo ya kwanza haina maana sana. Mti ukishaanza kuchangamka ndiyo unatoa kitu chenyewe. Fungu la kwanza lilikuwa la rangi ya kahawia, na vumbi la magome. La pili la manjano. La tatu lilikaribia weupe. La nne lilikuwa vitone vikubwa, vyeupe vyenye ukijani kwa mbali, ukikiweka kimoja mbele ya tochi ya simu mwanga unapita kama kwenye barafu. Hilo wanaliita hojari. Bei ya fungu la nne kwa uzito ule ule ilikuwa mara nyingi ya lile la kwanza.

Akatupa kipande kila mtu tutafune. Mwanzo uchungu, kisha kinakuwa laini kama ulimbo na mdomo unabaki na ubaridi.

"Sasa ninyi kwenu mnauza nini?"

Nikasema kwa kujiamini: asali. Tabora ndiyo nyumbani kwa asali.

"Ya mti gani?"

Nikanyamaza.

"Ya mwezi gani?"

Nimefundishwa masoko kwa miaka mitatu. Baba yangu mdogo anatundika mizinga Sikonge tangu sijazaliwa. Nilikuwa sijui.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Uzi mtamu huu, ndugu yangu. Hapo kwa kahawa umenirudisha Mji wa Kale kwetu, wazee barazani na madele ya shaba. Desturi ni moja, bahari tu ndiyo iko katikati.

Nikuongezee kitu kuhusu pesa. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000. Hiyo baisa na hii "pesa" tunayoitamka kila siku ni neno moja lililotoka Bara Hindi. Sultan Barghash alipotoa sarafu zake za shaba Zanzibar mwaka 1882, ndizo watu waliziita pesa.

#5 Mleta uzi

Shukrani sana mkuu wa Mombasa. Hilo la baisa lilitusumbua siku ya kwanza, mtu anaambiwa mia tano anatoa noti ya riali tano.

Niingie Nizwa.

Ijumaa tuliondoka Muscat saa 10 alfajiri. Nizwa iko bara, kilomita kama 160, barabara pana iliyochongwa kati ya milima mikavu isiyo na hata kichaka. Kila Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo chini ya ngome kubwa ya mviringo iliyojengwa karne ya 17.

Sisi watu wa kanda ya ziwa na magharibi tunaijua minada. Lakini ule wa Nizwa umepangwa kwa namna niliyokuwa sijaiona. Kwetu ng'ombe wanasimama, wanunuzi wanazunguka. Pale wanunuzi ndio wanaokaa, wengine katikati kwenye jukwaa la mviringo, wengine pembeni, na wauzaji wanazunguka kwenye njia iliyopo kati yao wakivuta mbuzi kwa kamba na kutangaza bei waliyofikishiwa. Mnunuzi akitaka anamsimamisha, anamkagua mbuzi meno, anamwinua kupima uzito, anamwachia aendelee kuzunguka au anataja bei ya juu. Kila mtu anasikia kila bei. Mwenzangu wa Shinyanga, ambaye familia yao ni wachuuzi wa ng'ombe, alisimama pale bila kusema neno kwa saa nzima, anaandika. Baadaye aliniambia kwao hasara kubwa inatoka kwa dalali anayenong'ona na pande mbili tofauti, na kwamba pale Nizwa hakuna mahali pa kunong'onea.

Ilipofika saa 3 asubuhi mnada umeisha, vumbi limetulia, watu wanaelekea nyumbani kujiandaa na sala.

Mimi nikaenda upande wa asali.

Meza ya kwanza nilihesabu chupa za aina mbili. Asali ya sidr, ambao ni mkunazi, na asali ya sumr, ambao ni jamii ya mgunga, miti miwili ambayo kwetu tunakata kuni. Kila chupa ina karatasi: mti, bonde ilikotoka, msimu wa kuvuna. Chupa moja ndogo ya asali ya mkunazi, ukubwa wa chupa ya soda, riali 25. Hiyo ni zaidi ya dola 60.

Nilimwuliza muuzaji kwa Kiingereza changu, akajibu kwa kichwa. Nikajaribu: "Unasikia Kiswahili?" Akasema yeye hasikii, lakini akapaza sauti kumwita shemeji yake, duka la tatu. Shemeji akaja, mtu wa makamo, Kiswahili cha Bujumbura. Ukoo wao ulikuwa Burundi. Akanitafsiria kila kitu, na yeye mwenyewe akachangamka kuliko mwenye asali.

Walinionesha mzinga wa zamani: gogo la mtende lililotobolewa katikati, likizibwa mbele na nyuma. Nikawaambia huo ni mzinga wa babu yangu, tofauti ni mti tu, sisi tunautundika juu, wao wanaulaza chini kivulini. Wakanitaka niuchore. Nikachora kwenye mgongo wa dodoso. Hiyo ndiyo kazi pekee dodoso lile lilifanya Nizwa.

Kisha swali likarudi tena, sasa kwa mdomo wa mtu mwingine: asali ya kwenu nyuki wanachuma kwenye mti gani?

Wakuu, naomba mnielewe ninachosema. Asali ya Tabora si duni. Msitu wa miombo ni mkubwa na haupigwi dawa. Lakini nenda stendi yoyote kuanzia Tabora mpaka Manyoni uone inavyouzwa: chupa ya maji iliyotumika, kifuniko cha rangi nyingine, haina jina la kijiji, haina mti, haina mwezi. Iliyokomaa na mbichi zimechanganywa. Mnunuzi anayetaka iliyo bora hana namna ya kuijua, kwa hiyo analipa bei ya iliyo mbaya.

#6 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nakuheshimu, ila niulize wazi. Milioni 2.9 kwa mtoto wa mkulima ni pesa ya ada na chakula cha mwaka. Ulichojifunza kuhusu madaraja ya asali si ungekipata kwa afisa nyuki wa wilaya bila kupanda ndege? Naona ni utalii umepewa jina la masomo.

Pili, mmeenda Oman mmesimuliwa kahawa na ubani. Suala la utumwa mliligusa au mlilikwepa?

#7 Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, maswali yako yote mawili ni ya haki, na nayajibu bila kukasirika.

La kwanza. Ni kweli afisa nyuki angeniambia. Pengine aliwahi kusema na sikusikia. Kilichonibadilisha ni kuulizwa na mtu mwenye pesa mkononi, tayari kununua, na mimi nikakosa jibu. Hilo halina darasa. Ila nakubaliana nawe kwamba gharama ni kubwa mno, na katika wale 17 wapo ambao wazazi wao waliuza mifugo. Ndiyo maana nasema chuo kisichoweza kuiacha ratiba wazi kwa mazungumzo kisichangishe watu. Siku zetu mbili za ofisini zilikula karibu robo ya pesa hiyo, na sina hata mstari mmoja wa maana kwenye daftari langu.

La pili. Tuliligusa. Jioni ya pili kwa mzee wa ubani, dada mmoja wa darasa letu, wa Bagamoyo, alimwuliza moja kwa moja. Sisi wengine tulitazama chini. Mzee alikaa kidogo, akasema: "Hayo yalikuwa. Msimwamini atakayewaambia hayakuwa." Akasema baba yake alikuta njia za biashara zimeshafunguliwa, na waliozifungua walibebesha watu mizigo na wakawauza watu wenyewe. Hakuongeza na hakujitetea. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, na ndani ya Oman kwenyewe utumwa ulipigwa marufuku 1970 tu, mwaka ule ule ambao yeye anaukumbuka kwa furaha ya kuitwa nyumbani. Mwalimu wetu alitukumbusha hilo usiku ule tulipokaa kikao, na tukaliongea mpaka saa 7 usiku. Kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote vya safari.

#8 Mchangiaji, Muscat

Salaam alaikum wote. Mimi nipo huku, nimezaliwa Pemba. Mleta uzi umesema kweli, ila vijana wanaopanga kuja wasitarajie Kiswahili kila kona. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki wana Kiswahili, na wengine waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo wana Kifaransa juu yake. Watoto wao wanasikia, lakini wanajibu kwa Kiarabu. Wajukuu wengi wamebakiwa na majina ya vyakula: mandazi, mishkaki, chapati. Hao wazee mliokutana nao wanazeeka. Mkija, njooni mapema.

#9 Mleta uzi

Waalaikum salaam mkuu wangu. Umenigusa, kwa sababu nilikuwa najiandaa kueleza habari ya bibi.

Mzee wa ubani alitupeleka kwa dada wa mkewe, wasichana watano na mimi na mwalimu. Bibi wa Malindi, Unguja. Alitukaribisha kwa maandazi ya nazi na chai ya iliki, akatukalisha chini kwenye zulia, akaanza kuuliza mmoja mmoja kwao wapi. Watu wa bara akatupokea kwa adabu. Alipofika kwa mwenzetu wa Unguja uso ukabadilika.

"Wa mtaa gani weye?"

"Michenzani, bibi. Kwenye maghorofa."

"Michenzani naijua. Maghorofa gani?"

Mwenzetu akamweleza: yale majumba marefu, ghorofa juu ya ghorofa, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Familia yao walipewa nyumba pale, babu yake akiwa mmoja wa watu wa Ng'ambo waliopata makazi mapya. Alipotaja neno Mapinduzi alisita katikati, nadhani ndipo alipokumbuka yuko nyumbani kwa nani. Bibi aliondoka Unguja 1964, akiwa na miaka 11, na sanduku moja.

Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nimeshika andazi sijui nilitafune au niliweke.

Bibi akauliza, "Yana umeme hayo majumba?"

"Yana, bibi. Na maji, ila ya kupandisha ndoo siku nyingine."

"Babu yako alifurahi?"

"Alifurahi sana. Alifia pale."

"Alhamdulillah," bibi akasema, na akamwongezea chai. Kisha akamwuliza Forodhani bado watoto wanaruka baharini wakati maji yamejaa? Mwenzetu akasema wanaruka mpaka kesho. Akatoa simu akamwonesha video, vijana wanakimbia wanajirusha kutoka ukutani. Bibi aliitazama mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka na machozi yanatoka, anasema, "Kaka zangu hao, kaka zangu hao."

Tulisoma historia hiyo shuleni, kurasa chache, upande mmoja. Sisemi bibi alikuwa na haki kuliko babu wa Michenzani. Wote wawili walikaa kwenye zulia lile jioni ile, mmoja kwa mwili na mwingine kwa mjukuu wake.

#10 Mchangiaji, Tanga

Nimelia. Mungu awape umri wazee hao.

Dada yangu yuko huko miaka minne, kazi za ndani. Mlikutana na Watanzania wafanyakazi?

#11 Mleta uzi

Dada yangu wa Tanga, tulikutana nao, na nilikuwa najiuliza nitaandikaje.

Ijumaa jioni tuliporudi kutoka Nizwa tulikaa ukingoni mwa bahari, Muttrah. Wakapita akina dada sita, wanaongea Kiswahili cha Tanga, Singida, mmoja wa Kampala. Wamepewa ruhusa ya saa chache. Walitufurahia kama ndugu, wakatununulia mishkaki, wao ndio wakatununulia sisi.

Mmoja alimwuliza mwalimu wetu: "Hawa wanafunzi wa biashara, mnawafundisha na biashara yetu sisi?" Mwalimu akamwomba aeleze. Akaeleza kwamba kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, hawezi kuhama nyumba bila ridhaa yake. Nyumba ya kwanza alilala saa 4 kwa siku, hii ya sasa ni watu wema. Mshahara unaingia, nusu unakwenda kwa mama, na amejenga vyumba viwili Korogwe ambavyo hajawahi kuviona ila kwenye picha. Mkataba aliousaini Dar ulitaja mshahara mmoja, wa Kiarabu aliousaini huku ukataja mwingine.

Mwenzetu mmoja anayesoma sheria za biashara kama somo la ziada aliandika yote, na utafiti wake wa mwisho ameubadilisha kabisa, sasa unahusu mikataba hiyo miwili. Msalimie sana dada yako. Mwambie akipata nafasi aweke nakala ya kila karatasi aliyosaini kwenye simu ya mtu wa nyumbani.

#12 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu hukutokomea, heshima kwako. Swali la mwisho: baada ya kurudi umefanya nini na hiyo asali?

#13 Mleta uzi

Wiki niliyorudi nilimpigia baba mdogo Sikonge. Baada ya salamu nikamwuliza: baba, asali yako ya mti gani?

Akajibu hapohapo bila kufikiri. Kuna ya mtundu, kuna ya muyombo. Ya mwezi wa sita ni nyepesi rangi na haigandi haraka, ya mwezi wa kumi na moja ni nyeusi, nzito, na wazee wanaipenda kwa dawa. Akaniambia hata upande wa msitu ambako nyuki wanachuma maua yenye uchungu, asali ya huko haifai kulisha mgeni.

Nikamwuliza mbona unaziweka zote kwenye ndoo moja?

Akasema, "Mnunuzi wangu hajawahi kuuliza. Anapima kilo, anaondoka."

Nimemwomba msimu huu asichanganye. Nimenunua ndoo nne nyeupe zenye vifuniko vinavyobana, na kalamu ya wino usiofutika. Mzee wa Muttrah nina namba yake, tunasalimiana kila Ijumaa, na amesema nimtumie nusu kilo ya kila aina kwanza, aonje na jamaa zake wa Nizwa kabla hatujaongea bei. Kama kuna mdau humu aliyewahi kusafirisha sampuli ya asali nje, anayejua vibali vya kupitia na maabara ya kupimia, naomba anielekeze hapa hapa uzini ili na wengine wafaidike. Mwezi wa sita naenda Sikonge.